Mtu na Mzigo Katika Shimo Moja

Usiku wa tarehe 10 Mei mwaka 1995, katika mgodi wa dhahabu wa Vaal Reefs ulioko Orkney, Afrika Kusini, kichwa cha treni ya chini ya ardhi kilipita vizuizi vyote vilivyowekwa kwenye mdomo wa shimo namba 2, kikatumbukia. Dereva wake aliruka, akapona. Chini, ndani ya shimo hilohilo, ilikuwamo keji, yaani kile chumba cha chuma kinachoshusha na kupandisha wafanyakazi, yenye ghorofa mbili zilizojaa watu. Treni ikaiangukia keji, vyote viwili vikaporomoka mamia ya mita hadi mwisho wa shimo. Wachimbaji 104 walikufa. Waokoaji walipowafikia, chumba cha ghorofa mbili kilikuwa kimefinywa kikabaki na kimo cha ghorofa moja.

Watu wale hawakuwa na kosa lolote. Walipanda keji yao kama wanavyopanda kila siku. Kilichowaua kilitoka pembeni, kwenye njia ya mizigo. Na jambo ninalotaka tuliongee leo ni hilohilo: mtu na mzigo kupita katika shimo moja.

Shimo la wima ni njia nyembamba ya kwenda chini na kurudi juu. Wafanyakazi hupita humo. Mawe yenye madini hupita humo, na mabomba, nguzo, reli, mafuta na baruti pia. Ukizisoma kanuni za usafiri wa mashimoni za nchi mbalimbali utakuta kurasa nyingi za vipimo, vyeti na ratiba za ukaguzi, lakini nyingi kati yake zinafanya kazi moja: kumtenganisha mtu na mzigo. Wakati mwingine huwatenganisha kwa saa, kwamba watu wakisafiri mzigo unasimama. Wakati mwingine ni kwa ukuta au kwa chuma, kwamba keji ya watu ina paa imara, milango inayofungwa na ukuta pande zote. Baruti hupewa safari yake yenyewe, na anayeruhusiwa kupanda nayo ni yule tu aliyekabidhiwa kuisimamia. Bomba refu hufungwa barabara kabla halijasogezwa, kwa sababu likichomoza kidogo tu likagusa ukuta wa shimo, linaweza kuvuruga kila kitu kilichomo.

Vaal Reefs inatuongezea jambo ambalo wengi hawalifikirii. Treni ile haikuwa chombo cha shimoni. Ilikuwa inafanya kazi kwenye handaki la ubavuni, ikivuta mabehewa. Lakini handaki lile lilifunguka kwenye shimo, na mahali popote panapofunguka kwenye shimo ni sehemu ya shimo. Behewa lililoegeshwa hapo bila kuzuiwa magurudumu, nyundo iliyosahauliwa ukingoni, gogo lililoegemezwa ukutani: vyote hivyo vimo katika safari ya mtu aliye chini, ingawa yeye havioni wala havijui. Ndiyo sababu migodi iliyo makini huweka geti imara kila ngazi, na kabla ya geti huweka kizuizi cha reli ambacho hukaa kimefungwa wakati wote, kikafunguliwa tu na mtu aliyepewa kazi hiyo baada ya kuhakikisha keji imefika na imesimama.

Habari za migodi ya kusini zinatuhusu kwa karibu. Wazee wengi wa Nyanda za Juu Kusini, hasa kule Rungwe, waliandikishwa na Wenela, shirika lililoikusanyia migodi ya kusini wafanyakazi, wakapelekwa kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na kuufunga mlango huo. Kuna familia ambazo mpaka leo hazijui vizuri ndugu yao alifia wapi. Tume ya Jaji Ramon Leon, iliyochunguza usalama wa migodi ya nchi ile, ilieleza kwamba watu zaidi ya 69,000 walikufa kwa ajali migodini tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi miaka ya 1990. Na leo shimo la wima tunalo nyumbani. Shimo la mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Na kule Kipushi, karibu na Lubumbashi, ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili wameshuka mashimo marefu kizazi baada ya kizazi.

Sasa twende kwenye mtambo wenyewe, maana bila kuuelewa kanuni zake zitaonekana ni urasimu. Juu ya shimo unasimama mnara wa chuma wenye magurudumu makubwa kileleni. Waya mnene unatoka kwenye keji, unapanda, unapita juu ya gurudumu, unashuka kwenda kwenye jengo la pembeni, na humo unajikunja kwenye ngoma kubwa inayozungushwa na injini. Ndani ya jengo hilo ameketi dereva. Na dereva huyu haioni keji. Anaweza kuwa anawabeba watu 100, nao wako kilomita nzima chini yake gizani, naye mbele yake ana mshale wa kipimo unaoonyesha kina, breki mkononi, na sikio linalosikiliza kengele. Basi.

Kengele hiyo ndiyo lugha kuu kati ya aliye chini na aliye juu. Katika migodi mingi iliyofuata utaratibu wa Uingereza na Kanada, mlio mmoja, kama keji imesimama, maana yake pandisha. Kama inakwenda, maana yake simama. Miwili, shusha. Mitatu, kuna watu. Ikigongwa ile mitatu, kila kitu kinabadilika. Dereva hurudisha mlio uleule kuthibitisha kwamba amesikia, ndipo watu waingie. Mwendo hupunguzwa. Mzigo husimama. Hakuna anayeruhusiwa kuingia kuzungumza na dereva, hata kama ni meneja na hata kama ana habari ya dharura kutoka nyumbani kwa dereva. Na kengele haiguswi na mtu yeyote asiyepewa kazi hiyo. Mchimbaji mwenye haraka anayejigongea kengele mwenyewe anaweza kumfanya dereva avute wakati mwenzake ameweka mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Kabla ya watu wa kwanza wa zamu kupanda, au shimo likiwa limekaa kimya muda mrefu, keji hupelekwa chini na kurudishwa ikiwa tupu. Safari hiyo haina faida ya hata senti moja kwa mwenye mgodi. Haileti jiwe, haishushi mtu. Kazi yake ni kugundua kama usiku kuna jiwe lililotoka ukutani likakwama njiani, au kama reli za pembeni zinazoiongoza keji zimepinda. Mimi nikitaka kuupima uaminifu wa mgodi, ningeuliza kwanza kuhusu safari hiyo tupu, na kama inafanyika hata siku ambayo lengo la uzalishaji limechelewa.

Kuna ajali nyingine iliyobadilisha fikra za mafundi duniani. Asubuhi ya tarehe 30 Julai 1973, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Markham, Derbyshire, Uingereza, keji yenye watu 29 ilikuwa inakaribia chini. Dereva akaanza kupunguza mwendo. Akaona cheche karibu na breki, akasikia kishindo. Akabonyeza kitufe cha dharura, lakini keji haikusimama. Fimbo moja ya chuma iliyokuwa katikati ya mfumo wa breki ilikuwa imekatika. Ndani yake kulikuwa na ufa mdogo ulioota taratibu kwa miaka mingi ya kupindwa na kunyooshwa, mahali ambapo jicho la mkaguzi halikufika. Keji ikagonga chini. Watu 18 walikufa na 11 waliobaki wakaumia vibaya.

Fikiria hali ya dereva yule. Alijua kazi yake, na aliyafanya yote aliyofundishwa kufanya. Tatizo lilikuwa kwamba breki zote za mtambo ule, ya kawaida na ya dharura, zilipitia katika fimbo ileile moja. Baada ya uchunguzi, mafundi walitakiwa kupitia kila mtambo wa aina hiyo, watafute kila kipande ambacho kikivunjika peke yake kinaachia kila kitu, kisha wakipime, wakibadilishe, au waweke cha pili cha kukisaidia. Hii kwangu ni kanuni kubwa kuliko zote za shimoni, na haihitaji digrii kuielewa: uhai wa watu usining'inie kwenye kitu kimoja.

Na bado hatujamaliza kujifunza. Tarehe 27 Novemba 2023, mgodi wa Impala Platinum huko Rustenburg, Afrika Kusini, ulikuwa unawapandisha wafanyakazi 86 mwisho wa zamu. Keji ikageuka ghafla, ikaanza kurudi chini kwa kasi. Watu 13 walikufa na wengine wengi wakalazwa hospitali wakiwa na mifupa iliyovunjika. Huu ni mgodi wa kisasa, katika nchi yenye sheria kali na wakaguzi. Ninaitaja ajali hii ili asije akatokea mtu akasema hayo ni mambo ya zamani.

Tuje kwenye waya. Mpaka mwanzo wa karne ya 19 migodi ya Ulaya ilitumia kamba za katani na minyororo. Mnyororo ukikatika pete moja, umekatika wote, tena haukuonyi. Mwaka 1834 afisa wa migodi wa Kijerumani, Wilhelm Albert, akiwa Clausthal kwenye milima ya Harz, alisokota nyuzi za chuma pamoja akapata waya ambao uzi mmoja ukikatika, nyingine zinabeba. Faida yake kubwa ni kwamba waya hutangulia kutoa taarifa. Nyuzi zinaanza kuchomoza nje, moja, mbili, tano, na mkaguzi anayepitisha kitambaa polepole juu ya waya atazihisi zinapokikwaruza. Huko Afrika Kusini hawaridhiki na kitambaa. Kwa mitambo ya ngoma hukata kipande cha ncha ya waya kila miezi 6 na kukipeleka maabara kikavutwe mpaka kikatike, ili wajue kilichobaki kina nguvu kiasi gani. Shimo likiwa refu sana, adui mwingine ni uzito wa waya wenyewe. Waya wenye unene wa kama milimita 50 huwa na karibu kilo 10 kwa kila mita, kwa hiyo mita 2,000 za waya ni karibu tani 20 kabla hujapakia mtu hata mmoja.

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa nimesema habari za mashimo makubwa. Lakini Watanzania wengi wanaoshuka chini ya ardhi leo asubuhi hawashuki kwa keji. Wanashuka kwenye duara. Geita, Kahama, Chunya, Tarime, utakuta duara la upana wa kama mita moja na nusu, mdomoni pamepangwa magogo, na juu ya magogo kuna winchi. Inaweza kuwa gogo lenye mikono miwili ya kuzungushia na vijana wawili wenye nguvu, au mota iliyofungwa kwenye fremu ya chuma. Kamba inashuka na kiroba au ndoo, inarudi na mawe. Na mwisho wa siku kamba ileile, ambayo tangu alfajiri imekuwa ikivuta mawe na kusuguliwa na ukingo wa gogo, inampandisha mtu. Ameweka mguu mmoja kwenye kitanzi, mikono miwili imeshika kamba.

Hapo kanuni zote nilizozieleza zinakuwa zimevunjwa kwa pamoja. Mtu amekuwa mzigo. Kamba ni moja, breki ni misuli ya vijana wawili waliochoka, na kengele ni sauti ya kupayuka ambayo jenereta ya jirani inaimeza.

Watu wengine wakisikia ajali ya duara husema wachimbaji wadogo ni wazembe. Sikubaliani nao. Mchimbaji anayeshuka bila mkanda anajua hatari kuliko mimi na wewe. Anashuka kwa sababu malipo yake ni mgao wa viroba, na kiroba kisipotoka hakuna chakula. Lakini nasema pia, kwa heshima yote, kwamba mambo mengi yanayookoa maisha mashimoni hayadai mtaji wa kampuni kubwa.

Chukua jiwe. Jiwe la ukubwa wa ngumi likidondoka kutoka mdomo wa duara la mita 30, linafika chini kwa sekunde mbili na nusu hivi, likiwa na mwendo wa karibu kilomita 87 kwa saa. Duara likiwa la mita 60, linafika na mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kofia ngumu ni muhimu, vaa, lakini haitakusaidia sana mbele ya jiwe la namna hiyo. Kinachosaidia ni aliye chini asiwepo chini ya ndoo wakati inapopanda. Kwa hiyo pale chini, pembeni ya duara, ichimbwe nafasi ya kumtosha mtu kusimama. Akishafunga kiroba anaingia humo, ndipo anatoa ishara ya kuvuta, na hatoki mpaka ndoo tupu irudi na kutulia. Kuchimba nafasi hiyo ni kazi ya sururu na muda tu. Na juu nako, ukingo uinuliwe kwa magogo au mifuko ya mchanga, kifusi kimwagwe mbali, na mita mbili kuzunguka mdomo pasiwe na chombo chochote, wala mtu ambaye hana kazi pale.

Kisha ishara. Kamba nyembamba ya pili ishuke hadi chini ikiwa imefungwa kengele au hata kipande cha rimu ya gari huku juu, watu wakubaliane: moja vuta, au simama kama ndoo inakwenda, mbili shusha, tatu mtu anapanda. Ubao uandikwe uwekwe mdomoni, na mgeni asishuke kabla hajausoma au kusomewa.

Winchi ya mkono iwe na kijino cha chuma kinachoingia kwenye meno ya gurudumu, ili mikono ikiteleza gogo lisirudi nyuma. Fundi wa kuchomelea wa hapo hapo senta anaweza kukitengeneza. Ndoano iwe na ulimi unaojifunga. Ama zile mota ndogo za kunyanyulia saruji kwenye ujenzi, nyingi huja na onyo la mtengenezaji kwamba si za kubebea watu, na onyo hilo lina sababu: zimewekewa breki ya kushika mzigo ambao ukianguka hakuna anayezikwa. Mtu apande kwa ngazi imara, iliyokatwa vipande vyenye majukwaa ya kupumzikia, na awe na mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba yake ya pekee isiyotumika kuvutia mawe. Kama ni lazima kabisa apandishwe kwa winchi, kamba hiyo ya pili isikose.

Nimebakiza jambo la njia ya pili ya kutokea, na hili linanigusa sana. Tarehe 16 Januari 1862, katika mgodi wa Hartley, kaskazini mwa Uingereza, boriti ya chuma ya pampu, nzito ya tani zaidi ya 40, ilikatika katikati. Nusu yake ikaanguka ndani ya shimo, ikabomoa kuta, ikaziba. Shimo lilikuwa hilo moja tu. Wanaume na watoto wa kiume 204 walikufa, wengi wao kwa hewa mbaya, huku ndugu zao wakiwa juu wanachimba usiku na mchana. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, duara liliporomoka likawafungia wenzetu chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, walizoziishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Tulifurahi wote, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria ya mwaka 1862 iliandikwa ili mtu asilazimike kusubiri muujiza. Maduara yaliyo jirani yanaweza kuunganishwa kwa chini, na wenye maduara hayo hujuana. Inatakiwa wakae, wakubaliane, wapate ushauri wa afisa madini ili wasije wakadhoofisha mwamba, kisha wachimbe.

Tarehe 22 Juni 1995, wiki 6 tu baada ya ajali ya Vaal Reefs, mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva ulipitisha Mkataba namba 176 wa usalama na afya migodini, ambao ulikuwa umeandaliwa hata kabla ya ajali hiyo. Unataka njia mbili za kutokea inapowezekana, na unampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu za msingi pana hatari kubwa. Afrika Kusini iliiweka haki hiyo katika sheria yake ya usalama migodini ya mwaka 1996. Nasi tuna Kanuni za usalama, afya na mazingira migodini za mwaka 2010, na tuna Tume ya Madini yenye maofisa mikoani.

Lakini haki ya kukataa kushuka, kwenye duara la mgao, inamgharimu anayekataa. Akikataa yeye, viroba vinapungua kwa wote, na wenzake wanamnunia. Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenye leseni za uchimbaji mdogo na kwa vyama vyenu vya wachimbaji. Kila duara liwe na mtu mmoja wa mdomo wa shimo, ambaye kazi yake ni kukagua kamba asubuhi, kusafisha ukingo, kupokea ishara na kusimamisha winchi. Asizungushe winchi, asibebe viroba. Mgao wake uhesabiwe wa kwanza, tena uwe kiasi kilekile, siku iliyotoa viroba vingi na siku ambayo yeye mwenyewe amesimamisha kazi tangu asubuhi kwa sababu kamba imeanza kulika. Na afisa madini akija kukagua, aanze kwa kumuuliza huyo, mwenye leseni akiwa hayupo pale.